Misa ya mkesha wa Krismasi ya lugha nne, Malindi: nyimbo zimepangwaje?

Benchi moja katika misa hii linaweza kukalisha Mgiriama, Mwitaliano mwenye nyumba papa hapa mjini, mgeni wa Kijerumani na familia iliyoshuka kutoka bara kwa likizo. Mahubiri ni ya Kiswahili, kwa hiyo wengine wanaambulia machache. Nyimbo ndizo zinazowaweka pamoja, na ndizo tunazozipima.

Kilichofanywa vizuri kuliko vyote ni kiitikio cha Kilatini. Katika Adeste fideles, wimbo wa Krismasi wa kuwaita waamini, kila kundi linaimba ubeti kwa lugha yake, kisha kanisa zima linarudi kwenye "Venite adoremus", yaani "njoni tumwabudu". Hakuna aliyekuja na Kilatini kutoka nyumbani, kwa hiyo hakuna mwenyeji wala mgeni. Vokali zake zinakaribiana mno na zetu tano, na mtoto wa Malindi anayatamka maneno hayo sawasawa mara ya kwanza. Wanaohitaji kukumbushwa ni Waingereza, wanaoivuta "e" ikawa "ei". Kiitikio kinarudiwa mara 3: kwanza sauti ya kwanza peke yake bila kinanda, kisha alto na teno, mwisho besi na kinanda kwa nguvu zote. Mpiga kinanda alijizuia mpaka zamu yake ilipofika, na hilo ndilo lililoipa mara ya tatu pa kupandia.

Wimbo wa Usiku Mtakatifu haukwenda hivyo. Uliimbwa kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, maneno ya Joseph Mohr na tuni ya Franz Xaver Gruber, kwa gitaa. Hapa lugha zote ziliimbwa kwa pamoja, na ndipo mambo yalipoharibika. Penye "heilige Nacht" Mjerumani ana silabi 4. Penye "mtakatifu" sisi tuna 5, maana ile "m" ni silabi kamili. Wengine waliimeza, wengine waliipa noti yake, benchi zikapishana. Dawa ni kuchapa solfa, yaani noti za do, re, mi, na kukata silabi kwa vistari chini yake, kila lugha iimbe ubeti wake, halafu ubeti wa mwisho wote wavume midomo imefungwa. Ufunguo nao ulikuwa juu. Do ikiwa D, noti ya juu kabisa inafika G, na waumini wa kawaida wananyamaza hapo. Ikishushwa B bemoli, yaani nusu sauti chini ya B, noti hiyo inakuwa E bemoli, na hata akina baba wa viti vya nyuma wataifikia.

Tu scendi dalle stelle, wimbo wa Krismasi wa Kiitaliano wa Alfonso Maria de' Liguori, wa mwaka 1754, ndio uliotufurahisha zaidi. Mwendo wake ni 6/8, na kayamba ilipoingia kwa mapigo matatumatatu, Waitaliano waliokuwa wameinamia vijitabu waliinua vichwa wakaimba kwa moyo. Kayamba isogezwe tu mita 3 kutoka kwenye maikrofoni ya kwaya, kwani ule mchakacho wake unafunika alto kabisa.

Viti vya nyuma vilibaki nyuma kwa mwendo pia. Si uvivu: sauti huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kusafiri mita 30, na anayefuata kinanda kwa sikio lazima achelewe. Mwalimu wa kwaya asimame juu ya kizimba, mikono ionekane.

Mishumaa ya wimbo wa mwisho ilizimika ovyo kwa feni na kaskazi. Feni zizimwe beti mbili kabla, madirisha ya upande wa bahari yafungwe, na kila mshumaa uvalishwe kikombe cha karatasi kilichotobolewa kitako. Joto litapanda, lakini ni kwa dakika 4 au 5 tu.

Ukienda, fika nusu saa mapema: mazoezi ya kiitikio hufanyika kabla ya kengele, na vijitabu huwaishia waliochelewa.