BMIM-PF6: kiyeyushi kisichonuka, na sababu za kutokiamini

Chupa ya gramu 100 ya BMIM-PF6, kwa jina refu 1-butili-3-methilimidazoliamu heksaflorofosfeti, ni nzito kuliko inavyoonekana. Mililita moja ina karibu gramu 1.37, hivyo gramu zote 100 hazifikishi hata mililita 75. Ndani yake mna kimiminika kisicho na rangi wala harufu, ambacho ukiinamisha chupa hujivuta polepole kama shira. Ni chumvi, ila ni chumvi ambayo tayari imeyeyuka ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Hiyo ndiyo maana ya kimiminika cha ioni.

Tunaipa alama 2 kati ya 5. Si kwamba haifanyi kazi. Inafanya, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa chaguo la kwanza la wengi waliotaka kiyeyushi cha ioni kisichochanganyika na maji. Alama zimepungua kwa sababu ya kitu kimoja kisichoonekana kwenye chupa: ikikutana na maji na joto, au maji na asidi, ioni ya PF6, yaani ile sehemu ya chumvi yenye fosforasi na florini, huvunjika na kutoa haidrojeni floridi, HF, kemikali yenye sumu inayokula hata kioo. Jambo hili liliandikwa waziwazi na watafiti mwaka 2003, na bado kuna maabara zinazoikausha kwenye chupa ya kioo kwa joto kali kana kwamba ni mafuta ya kupikia.

Sifa zinazouza bidhaa hii zinajulikana: haitoi mvuke, haishiki moto kirahisi, inatumika tena na tena. Kutotoa mvuke ni kweli kwa matumizi ya kawaida, ingawa mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba baadhi ya vimiminika vya ioni vinaweza kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa kimiminika, katika hewa iliyopunguzwa sana, kwenye nyuzi 200 hadi 300. Shida ni kwamba sifa hiyohiyo ndiyo inayowaponza watu. Tone la asetoni, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, likidondoka mezani hujiondokea lenyewe ndani ya dakika. Tone la BMIM-PF6 linabaki. Halikauki leo wala wiki ijayo, halinuki, linang'aa kidogo tu kwenye ukingo wa mizani, na atakayeliokota ni mtu wa zamu nyingine anayepima sukari bila glovu. Pua imezoea kutulinda maabarani. Kwa bidhaa hii haina msaada.

Kwa hiyo anza na chupa yenyewe kabla ya kuitumia, hata ikiwa imefika leo na muhuri wake haujaguswa. Chukua mililita 1 kwa sirinji ya plastiki, itie kwenye kijichupa cha plastiki ya polipropileni chenye kifuniko, ongeza mililita 1 ya maji yaliyokenekwa, funga, tikisa nusu dakika, kisha acha itulie. Maji yatakaa juu, kwa kuwa BMIM-PF6 ni nzito zaidi. Gusa maji hayo kwa karatasi ya pH na ulinganishe na maji yaleyale ambayo hayakuguswa. Zikilingana, endelea. Ikishuka hadi 4 au chini yake, chupa hiyo ina asidi. Iweke pembeni ndani ya kabati la kufyonza hewa, iandikwe, na isipashwe moto na mtu yeyote. Dalili nyingine ni kioo chenyewe: chupa au bika iliyofanya ukungu wa ndani usiofutika kwa asetoni imeliwa na HF. Ukiuona ukungu huo, usitafute kitambaa safi zaidi. Hamishia kilichomo kwenye chombo cha plastiki.

Kuikausha ndiko watu wengi wanakokosea. Maji hujipenyeza humo kwa urahisi, na kwenye unyevu wa pwani chupa iliyoachwa wazi mchana mmoja haifai tena kwa kazi za elektrokemia. Njia salama ni kuanza na bidhaa isiyo na asidi, yaani ile iliyofaulu kipimo cha hapo juu, kisha kuiondolea hewa kwa pampu kwenye nyuzi 60 hadi 70 kwa saa kadhaa huku ikikorogwa kwa sumaku. Ukiharakisha kwa nyuzi 120 wakati bado ina maji, unatengeneza HF mwenyewe. Na pale umeme unapokatikakatika, weka mtego, yaani chupa tupu ya kudaka maji, kati ya chombo na pampu inayovuta hewa kwa mkondo wa maji. Pampu ikizima ghafla maji ya bomba hurudi kinyumenyume hadi kwenye kimiminika chenye joto, na hicho ndicho hasa unachokikwepa.

Usiitumie kuchota metali kutoka kwenye myeyusho wa asidi ya nitriki, kwani maji na asidi ndivyo vinavyoifanya itoe HF. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu maelekezo ya zamani ya kazi hiyo bado yanasambaa. Vivyo hivyo, vyombo vyake visitumbukizwe kwenye beseni la asidi la kuoshea vioo kabla ya kusuuzwa kwa asetoni mara mbili au tatu.

Vifaa vya kujikinga havina ajabu: miwani inayofunga pembeni, koti lililofungwa vifungo, jozi mbili za glovu za nitrili, ile ya juu ivuliwe mara tu inapolowa badala ya kusubiri kazi iishe. Kinachokosekana mara nyingi ni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5. Kama maabara haina jeli hiyo, au haijaangalia tarehe yake ya kwisha, isinunue BMIM-PF6. HF nyepesi ikigusa ngozi inaweza isiume kwa saa nyingi, hata kufikia siku nzima, huku ikizama na kuifunga kalsiamu ya mwilini hadi kuuvuruga mdundo wa moyo. Ngozi ikiguswa na kimiminika unachokishuku, vua kilicholowa, suuza kwa maji mengi dakika 5, paka jeli ukiwa na glovu safi, endelea kusugua na kuongeza nyingine, na mwende hospitali na lebo ya chupa mkononi. Usisubiri maumivu yaanze.

Ikimwagika, inyonye kwa taulo za karatasi. Usimwagie mchanga kama unashuku HF, maana HF hula silika na kutoa gesi yenye sumu. Kisha futa kwa karatasi yenye asetoni mara mbili, mbali na moto, na umalizie kwa maji ya sabuni. Karatasi zote ziende kwenye mfuko wa taka za kemikali.

Kuhusu sinki: eti haichanganyiki na maji, basi maji ya kuoshea ni masafi. Si kweli. Lita moja ya maji huondoka na karibu gramu 20 za BMIM-PF6, na jamii hii ya imidazoliamu huwadhuru viumbe wa majini, zaidi kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka. Yenye oktili (kaboni 8) ni mbaya kuliko yenye butili (kaboni 4). Maji hayo ya kuoshea yakusanye kwenye dumu la plastiki, kamwe si la kioo, liandikwe kwamba lina floridi. Maji yenye asidi yatiwe chokaa iliyozimwa, ili floridi ishuke chini kama kalsiamu floridi.

Katika kipimo, usitumie pipeti. Mnato wake ni kama mara 300 ya ule wa maji kwenye nyuzi 25, na sehemu kubwa hubaki imeng'ang'ania ukuta wa pipeti. Pima kwa uzito: tia, soma mizani, gawanya kwa 1.37 upate mililita.

Je, ununue nini badala yake? Kwa kazi inayohitaji kiyeyushi kinachojitenga na maji, BMIM-NTf2, kimiminika kingine cha ioni, haivunjiki kwa maji namna hii, na humiminika kwa urahisi zaidi. Bei yake iko juu, na haiozi kirahisi ikifika kwenye mazingira, kwa hiyo taka zake zinataka uangalifu uleule. Kwa kuyeyusha selulosi, iwe ya pamba au ya katani, BMIM-PF6 haifai kabisa. Chukua EMIM asetati, nayo ni kimiminika cha ioni. Gramu 5 za selulosi iliyokaushwa kwenye gramu 95 za EMIM asetati, nyuzi 80 hadi 90, ikitiwa kidogokidogo ili isifanye mabonge. Ikianza kuwa ya kahawia na kunuka siki, joto limezidi.

BMIM-PF6 ibaki kwa maabara yenye sababu mahususi ya kuitumia, kwa mfano kurudia kipimo kilichofanywa nayo zamani. Hapo nunua gramu 25 badala ya 100, andika tarehe ya kufungua kwenye chupa, na urudie kipimo cha pH kila mwezi.