TAHADHARI: Muuzaji wa magari anayekuzuia kufungua kizibo cha oili

Nimekaa na hili wiki tatu kwa aibu. Leo nalitoa, maana jana nimeona picha za gari jingine ametangaza, pembe ileile, ukuta uleule nyuma, na maneno yaleyale: "injini kavu, haijawahi kufunguliwa." Jamani, msiende.

Mnaonijua mnajua lile gari langu la zamani lilivyoishia, na mnajua kwa nini nilikuwa na haraka. Sitarudia. Ila najua kuna watakaosema, "Wewe si ndiye ulikuwa unatufundisha kununua gari?" Ndiye. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Nilifika kwake asubuhi. Gari limeoshwa, na si nje tu: boneti ikifunguliwa, injini inang'aa kama sahani. Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza, gari la miaka yote hii linapata wapi injini isiyo na hata vumbi. Badala yake nilifurahi. Nikajisemea, huyu ni mtu anayetunza. Akaliwasha. Injini ikanguruma taratibu, kama mtu anayenong'ona. Nikainama, nikasikiliza, nikatingisha kichwa kama fundi mkuu. Dashibodi inasoma kilomita 148,000.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu usiku huwa narudia dakika hii peke yangu. Nilinyoosha mkono kwenye kizibo cha oili. Nilitaka kukifungua injini ikiwa inanguruma, nione kama inapumua, yaani kama inasukuma moshi kwa nguvu kupitia tundu hilo. Hilo nalijua, nimewaambia wengi! Yule bwana akaweka mkono wake juu ya wangu, taratibu kabisa, akasema, "Mkuu, na hilo shati jeupe? Hii injini inarusha oili kwa juu, utaniaibisha bure." Akacheka. Nami nikacheka. Nikarudisha mkono.

Basi. Nilirudisha mkono.

Na mjue, si uongo mtupu alionipa. Ziko injini ambazo ukifungua kizibo zikiwa zinafanya kazi zinakurushia matone. Ndiyo maana ilinikaa kichwani kama ukweli. Halafu alikuwa mpole, anajibu kila swali, kadi ya gari ipo na jina linalingana, na funguo akanipa mwenyewe: "Endesha, usiniamini mimi, liamini gari." Mtu anayekwambia usimwamini unamshuku vipi? Geji ya mafuta ilikuwa imelala chini, taa inawaka, kwa hiyo tuliendesha dakika kumi tu, njia tambarare. Sasa nimeelewa kwa nini gari la kuuza halikuwa na mafuta: tusiende mbali injini ikapata moto. Tuliposimama niliona moshi mwembamba ukitoka chini, usawa wa mlango wa dereva. Nikamuuliza. "Maji ya kuosha injini yanakauka," akasema. Nikakubali, mimi mwenye akili zangu timamu.

Siku ya tisa nilikuwa na safari ndefu. Kwenye mlima wa kwanza, oili ikiwa imepata moto wa kweli, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikasimama, nikafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kimejitoa chenyewe kwenye tundu lake, kinaning'inia, na upande wa chini wa boneti umelowa oili. Nyuma, ekzosi inatoa moshi wa buluu.

Fundi wangu hakusema neno kwanza. Aliwasha, akafungua kizibo, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu bila kukifunga. Kikaanza kurukaruka kama mfuniko wa sufuria inayochemka, kikaanguka. Moshi ukatoka kwa mapigo, puf, puf, puf. Akasema, "Inapumua, tena sana."

Lakini hakukimbilia kuihukumu injini, na kwa hilo namheshimu. Akatafuta kwanza bomba la kupumulia, lile wanaloliita briza, pamoja na vali yake ndogo. Maana moshi kidogo unaopita pembeni ya pistoni upo hata kwenye injini mpya. Kazi ya vali hiyo ni kuurudisha kwenye njia ya hewa ukachomwe. Vali ikiziba, presha inajaa chini, sili zinavuja, kijiti kinaruka, na watu wanafungua injini nzima kumbe kosa ni kidude kidogo. Nikaomba Mungu iwe hivyo.

Haikuwa hivyo. Bomba lilikuwa limechomolewa, likaungwa mpira mrefu mweusi ulioteremshwa nyuma ya injini hadi chini ya gari, ukafungwa kwa waya. Kule lilikotoka, kwenye njia ya hewa, tundu limezibwa kwa bolti. Bolti! Yaani moshi wote wa injini ulielekezwa chini ili mnunuzi asiuone juu wala nyuma. "Maji yanakauka." Mtu huyu alilala chini ya gari, akakata mpira, akafunga waya, akijua atanisubiri mimi. Mtu wa namna hii hastahili kuuza hata baiskeli. Afungiwe, na kila aliyeumizwa naye arudishiwe hela yake mbele za watu.

Tukarudisha bomba mahali pake, tukaweka vali mpya. Bado. Ndipo akapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini: silinda ya kwanza PSI 170, ya pili 165, ya tatu 90, ya nne 160. Akatia kijiko kidogo cha oili ndani ya ya tatu, akapima tena: 150. Maana yake ni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Oili imeziba pengo kwa muda. Ingekuwa vali za silinda haziketi vizuri, au gasketi ya hedi, namba isingepanda hivyo. Kwa uhakika zaidi akaingiza upepo wa kompresa kwenye silinda hiyo, pistoni ikiwa juu kabisa, akaniambia nitege sikio kwenye tundu la oili. Nilisikia kama tairi linalovuja. Kwenye ekzosi kimya, kwenye radieta hakuna mapovu.

Tulijaribu kuokoa. Alimwaga dawa ya kuyeyusha kaboni humo ndani ikalala usiku kucha, kwa sababu wakati mwingine ringi hazijaisha, zimeganda tu kwenye mifereji yake. Asubuhi 90 ikawa 105. Sasa ni kufungua injini au kutafuta nyingine. Oili aliyoimwaga ilikuwa nzito kama asali, ya kuficha kelele. Ndiyo ule mnong'ono niliousifia.

Nikampigia. "Ulilikagua mwenyewe, mkuu." Akakata simu, akaizuia namba yangu.

Nilipokuwa natoa vitu vyangu ndani ya gari nikaona kwenye nguzo ya mlango, chini ya mkanda, kistika cha zamani cha kubadilisha oili. Mwandiko wa kalamu: 312,000. Kilikuwa pale siku zote, sentimita chache kutoka begani kwangu.

Mnaouliza dalili: injini iliyooshwa mno, mafuta yaliyokwisha, gari ambalo unajaribishwa njia tambarare tu, moshi chini ya gari. Chungulieni boksi la filta ya hewa kama lina oili. Fuateni bomba la briza kwa mkono mpaka mwisho wake. Na fungueni kizibo, hata kama mmevaa shati la harusi. Mengine nimeshindwa kuyapanga, hasira bado ipo.

Malalamiko nimeshapeleka. Namba anayotumia sasa si ile ya mwanzo, lakini bado anaanza na "karibu mkuu". Ile bolti ninayo, natembea nayo mfukoni. Siku tutakapoitwa wote wawili nitaiweka mezani, aeleze ilikuwa inakausha maji gani.