Kipima ulevi cha mkononi, nakipa nyota tatu

Nimekinunua duka moja hapa Arusha mjini, kidogo, kinaingia mfukoni kabisa. Ila jamani, nimesukutua na dawa ya mdomo nikapuliza kikasoma 0.11 na sijagusa hata mbege!! Nikasubiri robo saa nikarudia, 0.00. Muuzaji eti "kaka ukisimamishwa Usa River we mwonyeshe tu trafiki hicho", nilicheka, yani trafiki ana chake bana. Shemeji yangu yuko Michigan anasema kesi ya vizuizi vya barabarani vya kukagua madereva walevi ilitokea hukohuko, 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaruhusu polisi kusimamisha gari hata bila kukushuku, alafu 1993 mahakama ya jimbo lao ikagoma, katiba yao haitaki. Betri unanunua mwenyewe.