Care of Kaadhal: Visa Vinne vya Mapenzi Vilivyohamishwa Mtaa

Filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, Care of Kaadhal, iliyotoka Februari 2021 chini ya uongozi wa Hemambar Jasti, inasimulia mapenzi ya watu wa rika nne: mvulana wa shule anayempenda mwanafunzi mwenzake, kijana Mkristo na msichana wa Kibrahmini (tabaka la juu la Wahindu), mhudumu wa duka la pombe anayevutwa na macho ya mteja aliyejifunika uso, na tarishi wa ofisi ya serikali anayekaribia miaka hamsini bila kuoa, ambaye mkuu wake mpya wa kazi ni mwanamke mjane. Visa hivyo havifuatani kwa mpango. Kila kimoja hukatizwa pale kinapoanza kunoga, na sababu ya kuvisuka namna hiyo hujulikana dakika za mwisho tu. Sitaifichua hapa.

Chimbuko lake ni C/o Kancharapalem, filamu ya Kitelugu, lugha nyingine ya kusini mwa India, ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Venkatesh Maha, ambayo ilibeba jina la mtaa halisi wa mji wa Visakhapatnam na kuwachezesha wakazi wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuigiza. Jasti ameifuata karibu tukio kwa tukio. Hata Karthik Rathnam amerudia nafasi ile ile ya kijana Mkristo, na muziki umebaki mikononi mwa Sweekar Agasthi. Kilichobadilika ni watu wanaowazunguka wapendanao, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa, kwa kuwa hadithi ya tarishi inategemea majirani wanaomsema kila siku kwa sababu hajaoa. Katika filamu ya Kitelugu majirani hao walikuwa na sura, lafudhi na utani wa watu waliokua pamoja. Hapa wengi wao wanasikika kama watu waliokariri maneno na kungoja zamu yao ya kusema.

Hata hivyo, Deepan, ambaye watazamaji wa zamani watamkumbuka katika Mudhal Mariyathai ya mwaka 1985, ameibeba vizuri sana nafasi ya tarishi. Haya yake mbele ya Sonia Giri, anayecheza mkuu wake mjane, jinsi anavyosita kabla ya kujibu swali jepesi, inaeleza upweke wa miaka mingi bila hotuba yoyote. Vetri na Mumtaz Sorcar nao wanagusa moyo katika kisa cha duka la pombe, ambacho ndicho kizito kuliko vyote. Kisa cha watoto ni kitamu lakini kinapita haraka.

Katika visa hivi, dini na tabaka vinasimama kati ya wapendanao, na filamu haiwafanyi wazazi kuwa mashetani. Inawaonyesha wakiogopa macho ya watu. Mtazamaji wa kwetu aliyewahi kuona posa ikikataliwa kwa sababu ya dini au ukoo hatahitaji kuelezwa hofu hiyo, hata kama amezoea filamu za Bollywood peke yake na hajui neno la Kitamil.

Ninaipendekeza, kwa sharti moja. Siri ya mwisho humshtua mtu mara moja tu, kwa hiyo mwenye nafasi ya kuzipata zote mbili aanze na ile ya Kitelugu, kisha aitazame hii kwa ajili ya Deepan.