Vitabu vya Historia vya Krismasi, Kisumu: Mada Safi, Nakala Mbovu

Rafiki wa karibu anayekupa kitabu cha Krismasi hakosei mada. Anayejua unapenda reli atakuletea kitabu cha reli. Anayejua kwenu ni Seme au Vihiga atakutafutia historia ya Waluo au ya Waluhya. Anapoteleza ni kwenye nakala yenyewe. Na nakala mbovu huumiza kitabu cha historia kuliko riwaya, kwa kuwa vya kwanza kuharibika ni ramani, picha, nasaba na tanbihi.

Wakongwe wawili hawaishi kurudi kila Desemba: History of the Southern Luo cha Bethwell Ogot, na historia ya Abaluyia, yaani Waluhya, ya Gideon Were. Vyote vilitoka 1967 kwa mchapishaji mmoja, East African Publishing House wa Nairobi, ambaye hayupo tena. Kwa hiyo nakala ya asili lazima iwe kuukuu: karatasi imegeuka rangi ya chai, gundi ya mgongoni imekauka. Ukipewa ya 1967 inayong'aa kama daftari la shule, fungua ukurasa wa hakimiliki. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ilikubaliwa kimataifa 1970, na ikawa tarakimu 13 kuanzia 2007. Namba ndefu kwenye kitabu cha 1967 ina maana kimechapwa upya. Si kosa, mradi aliyekinunua hakulipia bei ya nakala ya kale.

Kosa ni nakala ya kudurufu. Itazame pembezoni: maandishi yamelala upande, pambizo moja nene na nyingine nyembamba, picha zimekuwa madoa meusi. Kwa Ogot hasara ni kubwa mno. Anafuata makundi yaliyounda Waluo wa Kenya, yaani Joka-Jok, Jok'Owiny, Jok'Omolo na Abasuba, kwa masimulizi ya wazee na kwa hesabu ya vizazi; jina moja la babu lisiposomeka, hoja inakatika hapo hapo. Anayetaka kusoma wala si kupamba rafu heri apewe A History of the Luo-Speaking Peoples of Eastern Africa, cha Ogot huyo huyo, kilichotolewa 2009 na Anyange Press ya hapa hapa Kisumu. Ni kinene, lakini ndicho tungekipa alama za juu kuliko vyote vilivyotajwa hapa.

Kuhusu Mau Mau kuna mtego mmoja unaonasa vikundi vya marafiki wanaochanga. Kitabu cha Caroline Elkins cha 2005 kina majina mawili: Marekani ni Imperial Reckoning, Uingereza ni Britain's Gulag. Majalada hayafanani, yaliyomo ni yale yale. Wawili wasipoulizana, unapokea kitabu kimoja mara mbili. Mnaotaka kutoa viwili, oanisheni Elkins na Histories of the Hanged cha David Anderson, nacho cha 2005. Elkins anashughulikia kambi za kizuizini, Anderson anapekua kesi zilizowapeleka watu kitanzini.

Vya reli vimejaa picha za simba na porojo za wawindaji. Kabla hujalipa, fungua sura ya mwisho. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya 1902. Mwandishi anayeeleza hilo amefanya kazi yake, na ramani ya zamani inayoonyesha Kisumu kuwa Uganda haijakosea. Asiyelitaja, mwachie watalii.

Hata nakala halali ikaguliwe dukani. Karatasi kubwa hukunjwa kuwa kurasa 16 au 32 kabla ya kukatwa, hivyo kiwanda kikikosea, kitabu hakipungukiwi ukurasa mmoja, hupungukiwa mkunjo mzima. Pitisha kidole upesi ukitazama namba tu. Ukiona 112 kisha 129, kirudishe. Halafu kifungue katikati na uchungulie mgongo kwa juu: kilichoshonwa kitaonyesha mafungu na uzi, cha gundi tupu chenye kurasa 900 kitaanza kumwaga kurasa kabla hujafika uhuru.

Kufunga zawadi nako kuna madhara. Selotepu isiguse jalada, maana ikibanduliwa huondoka na rangi. Lebo ya bei ipashwe joto kwa drayeri ya nywele kisha ibanduliwe taratibu; mafuta ya taa huacha doa. Na nailoni inayobana kitabu kizima, ambayo wengi huiona kinga, hufungia unyevu ndani. Kwa hewa ya ziwani, wiki chache zatosha kuleta ukungu. Ukiota, simamisha kitabu kivulini penye upepo, kurasa zikiwa wazi, kisha fagia kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Kitambaa kibichi husukuma ukungu ndani ya karatasi, na jua kali hukunja jalada. Rafu iache nafasi ya vidole viwili ukutani, na usiweke kitabu chini kwenye simiti: unyevu hupanda, na mchwa hufuata.

Maneno ya rafiki yaandikwe kwa penseli kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo, pamoja na mji na mwaka. Biro ikikandamizwa hutokeza upande wa pili, mara nyingi juu ya jina la mwandishi.