Miaka miwili na lenzi ya Canon 70-200: uwanjani, barabarani na mlimani kutoka Dodoma

Nilipoinunua lenzi hii mwanzoni mwa 2024, ikiwa imeshatumika, kwa shilingi milioni mbili na laki moja, mke wangu aliuliza swali moja tu: itajilipa lini? Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa, kwa sababu kwa mtu anayeishi kwa kupiga picha za michezo na safari za milimani katika mji kama Dodoma, kifaa hakipimwi kwa ubora wa kioo peke yake. Hupimwa pia kwa kazi kinazokuletea, na kwa zile ambazo kutokana na kifaa hicho utaanza kuzikataa.

Jina lake kamili ni Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II USM. Ilitolewa mwaka 2010, ina uzito wa gramu 1,490, na ni mojawapo ya zile lenzi nyeupe ambazo watazamaji wa mpira wamezoea kuziona zimejipanga nyuma ya mabango ya matangazo. Weupe wake si pambo. Rangi hiyo hupunguza joto la jua linaloingia ndani ya lenzi, na aliyewahi kukaa saa mbili pembeni mwa uwanja wa Dodoma mwezi Oktoba hahitaji kuelezwa zaidi. Ninaifunga kwenye kamera ya Canon 7D Mark II ya mwaka 2014, ambayo kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kuliko fremu ya milimita 35, kwa hiyo upeo wa lenzi wa kuvuta, milimita 70 hadi 200, unakuwa sawa na wa lenzi ya milimita 112 hadi 320.

Nianze na Uwanja wa Jamhuri, nyumbani kwa Dodoma Jiji, wale Walima Zabibu waliopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Kabla ya lenzi hii nilikuwa na nyingine nyepesi ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga huishia f/5.6 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Jua likiwepo haikunisumbua sana. Taabu ilikuwa kipindi cha pili cha siku ya mawingu, ambapo ili kuusimamisha mwendo wa mchezaji kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde nililazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, na picha ikatoka na chenga kama televisheni ya zamani isiyoshika mawimbi. Tundu la f/2.8 huingiza mwanga mara nne zaidi, hivyo hali ile ile inanitaka ISO 1600 tu. Tena tundu kubwa huyafifiza mabango na viti vitupu vilivyo nyuma, mchezaji akabaki peke yake na jasho lake.

Katika mechi moja ya Februari, mvua ikiwa imetishia tangu mchana, nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hatua chache kulia kwa goli. Kona ilipigwa, golikipa akatoka na ngumi, nami nikabonyeza. Katika picha ya nne kati ya tisa mpira umebonyea juu ya ngumi yake mfano wa andazi lililokandamizwa na kidole, na beki aliye nyuma yake amefumba jicho moja, la upande wa mpira. Tovuti moja ya michezo ilinilipa shilingi elfu ishirini kwa picha hiyo. Nimewahi kulipwa mara kumi ya kiasi hicho kwa picha mbaya zaidi za watu waliosimama mbele ya keki.

Kasi ya kamera, hata hivyo, isimdanganye mtu. Wasomaji wa Singida watanisamehe nikimtumia kijana wao kama mfano wa hesabu. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya Mashindano ya Dunia. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na kilichowatenga kilikuwa sekunde 0.03. Kamera yangu hupiga picha kumi kwa sekunde, yaani moja kila baada ya sekunde 0.1, kwa hiyo tofauti ile ingetosha mara tatu katika mwanya ulio kati ya picha yangu moja na inayoifuata. Kamera rasmi za kumalizia mbio hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, kwani husoma ukanda mwembamba wa mstari wenyewe maelfu ya mara kwa sekunde. Sisi wengine tunaobonyeza kwa kidole, kinachotuokoa ni kuujua mchezo: kujua kwamba winga fulani hukata ndani kwa mguu wa kushoto kila mara, na kwamba mkimbiaji aliyechoka hutazama saa yake kabla hajatazama watu. Lenzi hii hushika shabaha (fokasi) haraka sana, lakini itaishika pale tu unapoielekeza.

Jambo la pili ambalo hakuna duka linaloliuza ni mahali pa kukaa. Tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston katika jimbo la Maine nchini Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza, na Neil Leifer, kijana wa miaka 22, akapata picha ambayo hadi leo imebandikwa katika kumbi za ndondi duniani kote. Alitumia Rolleiflex, kamera yenye lenzi isiyovuta wala kusogeza. Ukiitazama vizuri picha hiyo utamwona, katikati ya miguu ya Ali, mpiga picha mwenzake Herb Scharfman, ambaye upande wake ulimwachia mgongo wa bingwa. Leifer huyo huyo alipokuwa mvulana alikuwa akiingia Yankee Stadium kwa kuwasukuma maaskari wa zamani waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Mimi niliingia Jamhuri mara ya kwanza nikiwa nimembebea fundi wa televisheni nyaya zake. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi hunitumia ujumbe wakiniuliza wanunue lenzi gani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kizibao cha waandishi kinapatikanaje.

Kuhusu fedha nitasema bila kuficha. Mpira haukuilipa lenzi hii. Iliyolipa ni mbio za barabarani, pamoja na harusi ambazo zilijaza pengo kila mwezi. Tangu wizara zihamie hapa, vikundi vya kukimbia alfajiri vimekuwa vingi, na karibu kila taasisi inataka kuwa na mbio zake za kilomita tano, kumi au ishirini na moja. Mwanzoni niliwafuata washindi, kama tulivyofundishwa sote. Washindi hawanunui picha. Wanataka bahasha yao wawahi basi. Wanunuzi ni watumishi wa ofisini wanaomaliza saa moja baadaye, uso umevimba, namba imening'inia kwenye pini moja, na ambao kesho yake watataka kumwonyesha mtu kwamba walimaliza. Picha moja ni shilingi elfu tatu, naituma kwa simu baada ya muamala kuingia, na katika asubuhi moja nzuri nimewahi kuuza zaidi ya picha mia moja.

Hapo ndipo lenzi hii inapostahili sifa zake. Mkimbiaji akiwa umbali wa mita arobaini namnasa kwa milimita 200, kisha namfuata huku nikirudisha hadi 70, na kabla hajanipita ninazo picha saba au nane zenye sura tofauti, ya kukata tamaa hadi ya kuiona kamera na kutabasamu ghafla. Mkoa jirani wa Manyara ulitupa John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye mwaka 1968 kule Mexico City aliingia uwanjani na goti lililofungwa bandeji zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza likiwa limeingia na watu wengi wameshaondoka. Tunayo picha yake kwa kuwa kulikuwa na watu wenye kamera ambao bado hawajafunga mizigo. Sijawahi tena kuondoka kabla ya gari la wagonjwa linalomfuata mkimbiaji wa mwisho.

Kuna kitufe kimoja ubavuni ambacho wengi hawakigusi. Kitulizaji cha mtikisiko kina hali mbili. Ya pili huacha lenzi izunguke kushoto na kulia bila kupingwa, lakini huzuia mtikisiko wa juu na chini. Niliijaribu kwa waendesha baiskeli kwenye barabara ya Singida, nikishusha kasi hadi 1/60 na kumfuata mwendeshaji kwa kuzungusha kiuno. Picha ishirini za kwanza zilikuwa uji mtupu. Ya ishirini na moja ilikuwa na uso uliotulia, magurudumu yamegeuka sahani, na vichaka vya kiangazi vimekuwa mistari ya kahawia. Tangu siku hiyo nimepunguza kusimamisha mwendo kwa kila hali, kwa maana mchezaji aliyegandishwa angani kwa 1/2000 mara nyingine hufanana na mtu aliyetundikwa kwenye kamba. Miezi michache baadaye nilikwenda Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nikawaona wale watu wa rangi nyekundu waliorefushwa miili. Sitadai kwamba najua wachoraji wao walikusudia nini, lakini nilizikumbuka picha zangu za baiskeli. Nilitaka kuipiga michoro hiyo kwa lenzi hii, ikashindikana: haishiki shabaha ya kitu kilicho karibu kuliko mita 1.2, na chini ya mwamba ule hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Picha nilizopata ni za simu.

Nije kwenye mlima, ambako maoni yangu yanabadilika. Nimepanda Hanang mara mbili na vikundi vya vijana wa Dodoma, tukianzia Katesh kabla ya alfajiri na kurudi jioni. Mlima huo unazidi mita 3,400, na sehemu ya juu ni ukingo mrefu unaopanda na kushuka kabla ya kufika kileleni. Mara ya kwanza niliibeba lenzi hii pamoja na kamera, maji lita tatu na koti. Kufikia saa tatu asubuhi ilikuwa imeingia ndani ya begi, na haikutoka tena hadi jioni, maana kila nilipoiona picha nzuri nilipiga hesabu ya kuvua begi, kulifungua, kutoa, kupiga na kufunga, kisha nikajiambia ipo nyingine mbele. Haikuwepo. Galen Rowell, fundi magari wa California aliyeuza gereji yake mwaka 1972 akawa mpiga picha wa milima, alijulikana kwa kubeba kamera ndogo na lenzi chache nyepesi ili aweze kukimbia nayo na kupanda nayo. Nilikuwa nikiuona ule kama mtindo wake tu, na Hanang ilinifundisha kwamba ndio uliomwezesha kuzipata picha zenyewe. Safari ya pili niliazima 70-200 ya f/4L IS, yenye tundu dogo zaidi na gramu 760, nikaining'iniza kifuani, na picha za siku hiyo ndizo zilizoniletea kazi ya kampuni ya utalii niliyoifanya mwaka jana. Anayetaka kujikita kwenye milima na safari asiinunue f/2.8. Mchana kule juu mwanga ni mwingi kuliko unavyouhitaji.

Kasoro za lenzi yangu nyingi ni za kuinunua mkononi. Duka moja la Kariakoo liliniuzia likisema ni safi kabisa. Niliifikisha Dodoma, nikamulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma, nikaona nyuzi za fangasi ukingoni mwa kioo cha ndani, nyembamba kama utando wa buibui mchanga. Unyevu wa pwani ndio unaozikuza, na hali ya hewa kavu ya huku angalau huzidumaza. Muuzaji hakupokea simu zangu tena. Niliirudisha Dar kwa treni ya SGR, fundi mmoja akaifungua na kuisafisha kwa shilingi laki moja na nusu, na hadi sasa hazijarudi. Yeyote anayenunua iliyotumika aende na tochi, aifungue tundu lote, na amulike kutoka pande zote mbili kabla hajatoa hata shilingi.

Vumbi lilikuwa hofu yangu kubwa kuliko fangasi, na hapo imenishangaza. Lenzi hii hairefuki unapoivuta, kila kitu husogea ndani kwa ndani, kwa hiyo haivuti hewa na vumbi kama pampu ya baiskeli, tofauti na ile yangu ya zamani ambayo baada ya Agosti moja ya upepo wa Dodoma ilikuwa na mchanga hata mahali nisipoweza kueleza ulifikaje. Pete ya fokasi ndiyo imeanza kukwaruza kidogo. Skrubu ya mkanda wa kushikia stendi hulegea, nimeifunga kwa utepe.

Canon wenyewe wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) tangu 2018, na lenzi ya aina hii waliyoitoa mwaka 2019 kwa ajili ya kamera hizo, ya RF, ina gramu 1,070. Ni nyepesi kwa karibu nusu kilo, lakini bei yake sijafikiria hata kuitaja nyumbani. Hizi za EF, za mfumo wa zamani kama yangu, bado hufanya kazi kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta, na kwa kuwa wengi wanaziuza ili wahamie huko, bei ya zilizotumika inazidi kushuka.

Mke wangu nilimjibu mwezi wa kumi na nne, nilipohesabu kwenye daftari nikakuta imerudisha fedha zake pamoja na za fundi. Siku ambazo sina mechi wala mbio naikodisha kwa shilingi elfu arobaini kwa siku, kitambulisho kikibaki kwangu. Wanaoichukua wengi wana harusi. Mmoja tu, binti wa chuo, huichukua kila mwezi mara moja kwa ajili ya mpira wa wavu wa wanawake, na huyo namtoza nusu.