Mbaazi Zikwishapo Saa Tatu: Ninakokula, Ninakonunua na Ninakopeleka Kanzu Mji wa Kale, Mombasa

Mama anayetuuzia mbaazi na mahamri hapa Kibokoni huanza kuchota mara tu watu watokapo msikitini baada ya sala ya Alfajiri, na ifikapo saa tatu asubuhi, mara nyingi hata kabla, sufuria imeshaoshwa na kuinamishwa ukutani. Anayechelewa hapashiwi kiporo. Huambiwa kwa Kimvita cha upole, "Zimekwisha, mwanangu, kesho ndoo mapema," yaani njoo mapema. Nimeishi Mji wa Kale miaka ya kutosha kuchelewa mara nyingi, na jibu hilo, ambalo zamani lilinikera, leo ndilo kipimo changu cha kwanza ninapoamua ni mkahawa gani, duka gani au fundi gani nimpe pesa zangu. Haya ni maoni ya mkazi, yana upendeleo, na upendeleo wenyewe sitauficha.

Sababu ya kuliheshimu jibu lile ni tui. Nazi ikishakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa, tui lake halistahimili joto la Mombasa. Likikaa kutwa nje huchacha, na likipashwa mara kwa mara hukatika, mafuta yakaelea juu na ladha ikageuka. Mbaazi nzuri zimelowekwa tangu usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika bila kuvurugika, zikatiwa tui jepesi kwanza na lile zito mwishoni, kwa moto mdogo, huku mpishi akikoroga asichoke. Kazi hiyo haifanyiki mara mbili kwa siku katika jiko la mtu mmoja. Kwa hiyo muuzaji anayepika kiasi cha wateja wake na kufunga anapomaliza ananiambia, bila kujisifu, kwamba nilichokula kilipikwa leo. Mahamri yake nayo yanastahili kutajwa: ukiyapasua yana uwazi ndani kama mfuko, iliki inasikika kabla hujatia mdomoni, na hayaachi mafuta vidoleni. Malipo kwa M-Pesa anayapokea, lakini asubuhi wakati wa msongamano mwenye sarafu mkononi hupitishwa mbele ya anayetafuta mtandao, na sioni kosa hapo.

Linganisha na chakula cha mchana nilichowahi kumlipia mgeni wangu kutoka bara katika mkahawa mmoja ambao sitautaja, katika zile sehemu zinazosubiri wageni wanaotoka kuitazama Ngome ya Yesu. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na wageni wake wamewalisha watu wengi mtaani kwetu, jambo ninalolishukuru. Lakini orodha ya vyakula tuliyopewa siku ile ilikuwa na kurasa nyingi kuliko daftari la mwanafunzi, na kila tulichouliza tulijibiwa, "Kipo." Pweza yupo, kamba wapo, samaki wa kupaka yupo, biriani ipo, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Samaki alipoletwa, mchuzi ulikuwa wa moto na nyama karibu na mwiba ilikuwa baridi kama barafu. Mgeni wangu alikula kwa adabu; mimi niliona haya kwa niaba ya mji mzima.

Samaki wa kupaka ni chakula ninachokitetea kwa hasira kidogo, kwa kuwa kinaharibiwa mara nyingi. Samaki hupasuliwa, akatiwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akachomwa juu ya makaa karibu aive, ndipo akapakwa mchuzi wa tui zito uliokwisha kuiva kando, akarudishwa motoni, akageuzwa, akapakwa tena. Kupaka huko mara kadhaa ndiko kunakompa jina. Anayemmwagia mchuzi samaki wa kukaanga amepika kitu kingine, huenda kitamu, ila akitafutie jina lake. Mimi huagiza kwa mama mmoja wa mtaani siku moja kabla, nami humwambia ukubwa wa samaki na idadi ya walaji. Yeye huniambia kama wavuvi wamerudi na chochote cha maana. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu na bahari ikachafuka, hunijibu kwamba hapana samaki wa kufaa, basi tunakula maharagwe ya nazi na wali, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Ijumaa ni siku ya biriani, na hapa ninawashauri wageni wapange safari zao kwa kalenda hiyo. Biriani ya Mombasa hupikwa wali wake mbali na masala yake mbali. Sahani hukujia na wali wenye mistari ya rangi ya zafarani, juu yake nyama iliyozama katika rojo la nyanya, mtindi na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Wapo wanaodai kwamba kutenganisha ni uvivu. Naona wamekosea, kwa sababu rojo likipikwa peke yake mpishi anaweza kulikausha mpaka vitunguu vipotee kabisa, na wali ukabaki punje punje. Kipimo changu ni kiazi: kikiwa kimeingia ladha mpaka katikati, masala yalipewa muda. Katika migahawa midogo ya mitaa yetu biriani ya Ijumaa hugombewa watu wakitoka msikitini, na baada ya saa nane unaokota mabaki ya chano.

Kipimo changu cha "kimekwisha" kina mahali kinaposhindwa, na ni haki niseme. Tarboush, katika Barabara ya Makadara, hujaza meza mchana na usiku, na sijawahi kuwakuta wakifukuza watu kwa kuishiwa. Hapo hununuliwa shawarma, kuku wa tikka na naan inayotoka tanurini ikiwa bado imevimba. Siri yao, nionavyo mimi, ni mwendo: wateja ni wengi kiasi kwamba nyama haipati nafasi ya kuchakaa, na naan ya dakika kumi zilizopita imeshaliwa na mtu mwingine. Mwenye haraka, mwenye watoto, au mwenye wageni watano wasiokubaliana juu ya chakula, nampeleka huko bila wasiwasi. Anayetaka kukaa na kuzungumza kwa muda wa saa mbili atafute pengine, maana macho ya wanaosubiri meza ni mazito.

Jioni ni ya viazi vya karai. Viazi vya kuchemsha huchovywa katika unga wa dengu uliokorogwa na chumvi, pilipili na rangi kidogo, vikakaangwa katika karai la mafuta mengi, vikaliwa kwa ukwaju na chatne ya nazi. Sina mengi ya kuongeza ila onyo moja: tazama rangi ya mafuta kabla hujaagiza. Kule Mama Ngina, kwenye ufuo uliotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, watu wa mjini wanaburudika kwa muhogo wenye pilipili na ndimu, kachri na madafu huku meli zikipita mlangoni mwa bandari karibu kiasi cha kusoma majina yake. Nenda kwa ajili ya upepo, chakula kiwe cha ziada.

Katika maduka, pesa zangu nyingi, na za mke wangu zaidi, huishia Barabara ya Biashara kwenye leso, yaani kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake ya "Mali ya Abdulla" imesomwa na bibi zetu na mama zetu kwenye pindo, ndilo ninaloanzia. Sifanyi hivyo kwa sababu ya ukongwe wake. Nawapenda kwa subira: muuzaji atakukunjulia pea kumi, akusomee majina yote, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, na asinune ukitoka mikono mitupu. Jina ndilo hununuliwa, kwani mke hawezi kumpelekea wifi yake leso nzuri yenye maneno ya kumchoma bila kulianzisha jambo, na nimeshuhudia pea ya rangi ya kupendeza ikirudishwa rafuni kwa sababu ya neno moja. Ukilipenda jina, linunue siku hiyo hiyo. Mitindo hubadilika upesi, na leso nayo ina "zimekwisha" yake. Kabla ya kulipa, shika kitambaa ukisugue kati ya vidole ili utambue kilichopo ni pamba na kilichopo ni wanga, maana leso iliyo ngumu kama karatasi dukani huenda ikawa nyepesi kama chachi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Nje ya maduka mafundi cherehani hukaa tayari kukata pea na kuzipinda. Mpe kazi fundi mwenye mkasi mkali na nafasi mezani, kwa kuwa pindo lililokatwa upogo haliwezi kusamehewa na mwanamke yeyote ninayemfahamu.

Kutoka hapo, Marikiti si mbali. Soko hilo, ambalo jina lake la vitabuni ni Mackinnon, lina wauza viungo wenye maneno matamu, nami nimejifunza kununua vizima: bizari nyembamba, iliki, mdalasini wa vijiti, karafuu, pilipili manga. Zamani nilinunua unga wa pilau uliosagwa tayari kwa mtu mmoja, pilau ikatoka nyeusi na isiyo na harufu, na nilipoipeleka pakiti kwa shangazi alionja kwa ncha ya ulimi akasema, "Huu ni unga umepitia karibu na bizari." Muuzaji ninayenunua kwake sasa husaga mbele yangu. Ni ghali kidogo, na nyumba nzima hunuka vizuri kwa siku mbili.

Haluwa naiweka juu ya vitu vyote vitamu vya mji huu. Ni ndugu wa ile ya Maskati: wanga, sukari, samli, iliki, wenye uwezo wakatia zafarani na lozi, vikapikwa katika sufuria kubwa huku mtu akisonga kwa mwiko mrefu saa kadhaa bila kupumzika. Haluwa iliyofaa hukatika kwa kijiko bila kuvutika kama gundi, hung'aa, na samli yake haitoki ikatuama pembeni. Nashauri ununue robo kilo tu, uile siku ya kwanza ikiwa bado vuguvugu, pamoja na kahawa tungu ya yule mzee anayepita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe. Kikombe chake ni kidogo, na anayeagiza cha nne hapati usingizi.

Huduma ninayoisifu kuliko zote ni ya dobi. Kufua kanzu nyeupe si kazi ya kila mtu, na nina ushahidi: dobi wa kwanza niliyempelekea, karibu na nyumbani, alinirudishia kanzu ya Idi ikiwa na alama ya pasi mgongoni, akaapa kwamba ilikuja nayo. Wa sasa anafanyia kazi chumba kimoja chenye dirisha la mbao linaloangalia kichochoro. Huitia kanzu wanga kidogo tu, ili ukosi ukae wima bila kumkwaruza mtu shingo, na kofia za kiua huzifua kwa mkono, akazikausha zikiwa zimevishwa kwenye kalibu ili zisipoteze umbo. Ukimpelekea Alhamisi jioni nguo ya kuvaa Ijumaa, hukataa. Hatoi ahadi za uongo; hukuonyesha rundo lililopo na kukuambia nafasi imekwisha, na nimemwona akimjibu hivyo mtu mwenye cheo aliyeteremka kwenye gari kubwa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote hugeuka. Mama wa mbaazi hulala asubuhi na huanza kuuza Alasiri, pamoja na kaimati, vibibi na mkate wa sinia. Watu hupanga mstari kwenye vichochoro ambavyo siku nyingine wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Dobi hupokea nguo za Idi mpaka kumi la kati la mwezi, kisha hubandika karatasi mlangoni. Mwaka jana nilifika siku ya ishirini na mbili, nikaisoma karatasi ile mara mbili, nikarudi nyumbani nikaifua kanzu mwenyewe.